Mzee Karume na Kilabu cha Mpira

Apitaye Kitengela au Kajiado saa za alasiri, jua likianza kulegea, huwakuta vijana wakicheza kandanda katika viwanja vya vumbi. Timu nyingi za namna hiyo hazina tajiri. Jezi ni mchango, nauli ya kwenda kucheza ugenini ni mchango, na yule atoaye senti yake ndiye mwenye timu. Wako wadhanio kwamba huo ni mchezo tu wa kupitisha jioni. Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kufikiri vingine, kwani katika kilabu cha namna hiyo, kisiwani Unguja, alikomaa mtu aliyekuja kuishika nchi: marehemu Sheikh Abeid Amani Karume.

Taarifa rasmi zasema kwamba alizaliwa mwaka 1905 huko Mwera. Skuli hakuisoma sana. Ujana wake aliutumia baharini, akawa baharia katika meli za mizigo na kuona bandari za mbali. Aliporudi nyumbani alishika kazi ya mashua za injini zilizokuwa zikichukua abiria baina ya meli na gati.

Wakati huo mpira ulikuwa umeuteka mji. Waingereza ndio walioleta, lakini mitaa ya Ng'ambo iliufanya wake, na jioni watu wakimiminika Mnazi Mmoja kutazama. Waarabu walikuwa na kilabu chao, na katika miaka ya 1930 Waafrika nao wakawa na chao, African Sports Club. Karume alikuwa miongoni mwa watu wake, uwanjani na katika uongozi.

Na tuangalie kilabu kilikuwa kitu gani siku zile. Serikalini hapakuwa na kura. Wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria waliteuliwa, na mchukuzi wa bandarini hakuulizwa neno. Lakini mchukuzi huyo huyo, akiingia kilabuni, alikuwa mtu mzima mwenye haki yake. Alilipa ada, akainua mkono kumchagua mwenyekiti, na mshika fedha akasimama mbele yake kueleza zilikoingia na zilikotoka. Kiongozi asiyefaa aliondolewa, na kesho yake mpira ukachezwa kama kawaida. Skuli ya siasa ilikuwa hapo, wala haikuwa na karo.

Basi si ajabu kwamba watu wa mpira walionekana pia katika African Association, iliyoundwa Unguja mwaka 1934, ambayo Karume alikuja kuwa rais wake. Februari 1957 jumuiya hiyo iliungana na ile ya Washirazi, ikazaliwa Afro-Shirazi. Julai mwaka huo ulifanywa uchaguzi wa kwanza visiwani, na baharia huyu akamshinda Sheikh Ali Muhsin, msomi wa Makerere, katika kiti cha Ng'ambo.

Yaliyofuata yajulikana, na kila nyumba ya pwani ina namna yake ya kuyasimulia. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimwaga damu nyingi, na wako jamaa zetu waliokimbilia Mombasa, na wengine Maskati, wasirudi. Wako pia waliopewa eka tatu tatu za ardhi ambao baba zao hawakumiliki hata mnazi mmoja, na watoto waliosoma bure kwa mara ya kwanza. Hata mpira Mzee hakuusahau: watu wa Yanga humkumbuka kwa msaada wake katika kujenga jumba lao la Jangwani, na watani wao wa Sunderland hueleza kwamba ni yeye aliyewashauri waliache jina la kigeni, wakawa Simba mwaka 1971.

Lakini lile somo la kilabuni, la mkono kuinuliwa na kiongozi kuhesabiwa, halikufika Ikulu. Kura ya rais wa Muungano ilipigwa. Ya serikali ya Zanzibar yenyewe haikuitishwa katika uhai wake. Mwaka 1970 hata wasichana waliozwa kwa nguvu, na hapakuwa na mkutano ambamo baba mtu angeweza kusimama akauliza. Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, katika makao makuu ya chama chake. Mpaka mwaka 1980 ndipo Wazanzibari walipopiga kura juu ya rais wao wenyewe, nayo ilikuwa ya jina moja, ndiyo au la.

Hatumhukumu maiti, hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini tunawaambia vijana wa Kitengela na Kajiado, na wa Majengo na Kisauni vile vile, kwamba mkutano wao wa mwaka si jambo dogo. Siku mshika fedha atakapokataa kueleza, na wanachama wakanyamaza kwa kuwa timu inashinda, wajue wamekwisha kupoteza kitu kikubwa kuliko kikombe. Aliyezoea kuuliza habari za shilingi mia za jezi ndiye atakayethubutu kesho kuuliza habari za nchi.

Mola amrehemu Mzee Karume, na awarehemu wote waliokufa katika siku zake.