MAX REINHARDT: MWENYE KUMBI ZA MICHEZO ALIYEFIA UGENINI



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani tunaleta habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyepata kuwa mkimbizi. Safari hii tumemchagua mtu wa michezo ya kuigiza, na tumefanya hivyo kwa makusudi. Hapa kambini kuna ubishi wa siku nyingi. Wako wazee wanaosema kwamba vijana wanaoshinda kwenye mazoezi ya maigizo wanapoteza wakati. Vijana nao hujibu kwamba hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Sisi wa Kamati hatukuja kukata kesi hiyo. Tunaleta ushahidi wa maisha ya mtu mmoja, kila mtu apime mwenyewe.

Karani aliyependa jukwaa

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1873 katika mji wa Baden, karibu na Vienna, nchini Austria. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Maximilian Goldmann. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, baba yake mfanyabiashara, naye alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto saba. Kama ilivyo kwa mtoto wa kwanza popote, alitazamiwa ashike kazi ya kueleweka, akawekwa benki ajifunze ukarani. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye jukwaa, akawa anajifunza uigizaji. Mwaka 1890 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mjini Vienna, na akachukua jina la Reinhardt, ambalo ndilo dunia ilikuja kumjua kwalo.

Mwaka 1893 alikuwa mchezaji katika mji wa Salzburg. Mwaka uliofuata alichukuliwa na Otto Brahm, mkuu wa Deutsches Theater, ukumbi mkubwa wa michezo mjini Berlin, Ujerumani. Huko, ingawa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alipewa kucheza wazee. Kila jioni alibandikwa ndevu na kukunjwa mgongo. Alisifiwa kwa kazi hiyo, lakini haikumtosha. Michezo ya wakati ule ilipenda kuonyesha maisha kama yalivyo, yenye dhiki na giza. Reinhardt hakukataa ukweli huo, ila alitaka pia muziki, rangi, mwanga na furaha virudi jukwaani.

Kutoka mchezaji hadi mwenye kumbi

Mwaka 1901 yeye na rafiki zake walianzisha kikundi kidogo cha vichekesho na nyimbo mjini Berlin. Walikiita Schall und Rauch, maana yake Sauti na Moshi. Kikundi hicho kilikua kikawa ukumbi kamili. Mwaka 1903 waliweka jukwaani mchezo wa Mrusi Maxim Gorky unaohusu maskini waliobanana katika nyumba moja ya kulala wageni, watu waliopoteza kila kitu. Mchezo huo ulichezwa zaidi ya mara 500. Kumbe habari za watu wasio na makao, zikichezwa vizuri, huweza kujaza ukumbi usiku baada ya usiku.

Mwaka 1905 akatoa mchezo wa Shakespeare unaotokea msituni usiku, uitwao Ndoto ya Usiku wa Kiangazi. Alitumia jukwaa linalozunguka, ili msitu ugeuke mbele ya macho ya watazamaji na wahusika wapotee na kutokea tena kati ya miti. Jukwaa la namna hiyo hakulibuni yeye, lakini alilitumia kwa namna ambayo watu hawakuwa wameizoea. Mwaka huohuo akakabidhiwa Deutsches Theater, ukumbi uleule alikoanza kwa kubandikwa ndevu, na muda si mrefu akaununua. Akafungua na shule ya waigizaji. Mwaka 1906 akafungua kando yake ukumbi mdogo, Kammerspiele, kwa michezo inayotaka mtazamaji akae karibu na kusikia hata mnong'ono.

Wasomaji wetu wengi wanalijua jina la Berlin kwa njia nyingine. Ndiyo Berlin hiyohiyo iliyokuwa ikitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi siku zile, na mwaka 1905 ndio mwaka vita vya Maji Maji vilipoanza. Tunakumbusha jambo hili si kwa kumlaumu mtu wa michezo kwa makosa ya serikali, bali kwa sababu historia ya watu ni moja. Mji uliokuwa ukipiga makofi ukumbini ndio uliokuwa ukituma askari ng'ambo, na baadaye ukamfukuza yeye mwenyewe.

Mtayarishaji hufanya nini?

Watu wengi humwona mchezaji tu, hawamwoni aliye nyuma ya pazia. Mtayarishaji ndiye huchagua mchezo, hutafuta fedha, huajiri wachezaji, mafundi seremala, washonaji na wapiga muziki, na hasara ikitokea ni yake. Reinhardt alikuwa mtayarishaji na mwongozaji kwa pamoja. Kabla ya mazoezi aliandika katika kitabu chake kila kitu: mchezaji asimame wapi, ageuke lini, sauti ishuke au ipande, taa iwake upande gani. Siku ya kwanza ya mazoezi alifika akiwa tayari ameuona mchezo wote kichwani mwake.

Hata hivyo hakuwa peke yake. Mdogo wake Edmund ndiye alishika hesabu za kumbi zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Max aliota ndoto kubwa, Edmund akahesabu gharama zake. Edmund alipofariki mwaka 1929, kaka yake alipoteza ndugu na mhasibu kwa siku moja.

Ndoto hizo zilikuwa kubwa kweli. Mwaka 1910 aliweka mchezo wa kale wa Kiyunani, Mfalme Edipo, katika uwanja wa sarakasi mjini Berlin, makundi ya watu wakiingia kama mafuriko. Mwaka 1911 mjini London alitoa mchezo usiotumia maneno, uitwao Muujiza, wenye washiriki wapatao 2,000, ndani ya jumba kubwa lililogeuzwa likafanana na kanisa. Mwaka 1919 uwanja ule wa sarakasi wa Berlin ukajengwa upya kuwa ukumbi wake wa kudumu, wenye viti zaidi ya 3,000. Aliamini mchezo ni wa watu wote, si wa matajiri wachache. Mwaka 1924 alifungua ukumbi mwingine mjini Vienna, na mwaka huohuo Muujiza ulichezwa New York.

Salzburg

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Austria ilikuwa na njaa na ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya himaya yake. Ni wakati huo ambapo Reinhardt, pamoja na mwandishi Hugo von Hofmannsthal na mtunzi wa muziki Richard Strauss, waliamua kuanzisha tamasha katika mji wa Salzburg. Tarehe 22 Agosti 1920, mbele ya kanisa kuu la mji huo, ulichezwa mchezo wa Hofmannsthal uitwao Jedermann, yaani Kila Mtu. Ni habari ya tajiri anayeitwa na Mauti kwa ghafla. Rafiki zake wanamkimbia, jamaa zake wanatoa visingizio, na fedha zake zinakataa kumfuata. Kinachokubali kwenda naye ni matendo yake mema, ambayo ni dhaifu kwa kutotunzwa, na imani. Sauti za kumwita zilitoka kwenye minara ya mji, na kanisa lenyewe likawa pazia la nyuma.

Karibu na mji huo Reinhardt alikuwa amenunua mwaka 1918 jumba la kale liitwalo Leopoldskron, lililokuwa limechakaa. Alilikarabati kwa miaka karibu ishirini. Mwaka 1929 alifungua shule nyingine ya uigizaji mjini Vienna. Mtu akimtazama wakati huo angesema huyu amefika.

Kunyang'anywa

Januari 1933 Hitler alishika serikali ya Ujerumani. Kwa utawala ule, kazi ya miaka zaidi ya 30 haikuwa kitu, kwa kuwa mwenye kazi ni Myahudi. Machi 1933 Reinhardt aliondoka Berlin. Juni mwaka huo, akiwa Oxford, Uingereza, aliiandikia serikali ya Ujerumani barua kuhusu kumbi zake. Alieleza kwamba kwa kuwa amezuiwa kufanya kazi yake, anawaachia Wajerumani wote mali hiyo. Ilikuwa barua ya heshima, lakini kila aliyewahi kuacha nyumba yake na ufunguo mfukoni anaelewa kilichokuwa ndani yake.

Wakati anaandika barua hiyo hakuwa amekaa bure. Alikuwa akiwaongoza wanafunzi wa Oxford katika mchezo ule wa msituni, safari hii nje, kwenye majani na miti ya kweli. Mwaka 1934 akaupeleka California, Marekani, katika uwanja wa wazi wa Hollywood Bowl. Msichana mwanafunzi wa miaka 18, aliyekuwa wa akiba tu, alipata nafasi ya kucheza. Ni Olivia de Havilland, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa sinema. Mwaka 1935 mchezo huo ukatengenezwa filamu, Reinhardt akisaidiwa na William Dieterle, aliyewahi kuwa mchezaji wake Berlin.

Januari 1937 alitoa New York mchezo mkubwa juu ya historia ya Wayahudi, Njia ya Milele. Muziki ulitungwa na Kurt Weill na maneno yakaandikwa na Franz Werfel, wote wawili wakiwa waliokimbia au waliokuwa karibu kukimbia. Ulichezwa mara 153, lakini kwa gharama zilizotumika, ulikuwa wa hasara. Mwishoni mwa mwaka huo alirudi Marekani, na Ulaya hakuiona tena. Machi 1938 Hitler aliichukua Austria, na jumba la Leopoldskron likatwaliwa.

Miaka ya mwisho

Hapa lazima tuseme ukweli. Reinhardt hakuvuka mpaka kwa miguu, wala hakupanga foleni ya mgao. Alikuwa na jina, marafiki na tiketi ya meli. Lakini ugeni ulimkuta hata yeye. Lugha yake ya kazi ilikuwa Kijerumani, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Mchezo wa Thornton Wilder aliouongoza New York Desemba 1938 ulifungwa baada ya kuchezwa mara 39. Mtu aliyekuwa na kumbi zake mwenyewe alirudi kugonga milango ya wengine.

Alichofanya ni kurudi kwenye ualimu. Mwaka 1938 alifungua shule Hollywood pamoja na mkewe, mwigizaji Helene Thimig, wakafundisha vijana. Mwaka 1940 akapata uraia wa Marekani. Mwaka 1942 alitoa New York mchezo wa nyimbo, Rosalinda, uliopendwa hata ukachezwa mara 521. Ulikuwa ungali jukwaani alipofariki New York mwishoni mwa Oktoba 1943, akiwa na umri wa miaka 70, baada ya kupatwa na kiharusi. Vita vilikuwa havijaisha, na hakurudi kwao.

Kilichobaki

Mchezo wa Jedermann, uliosimamishwa wakati wa utawala ule, ulirudi Salzburg mwaka 1946 na ungali ukichezwa kila kiangazi mbele ya kanisa lilelile. Helene Thimig alirudi Vienna akaongoza shule aliyoanzisha mumewe, na hadi leo shule hiyo ina jina la Reinhardt. Jumba la Leopoldskron lilirudishwa kwa familia. Mwaka 1947 vijana kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo zilizokuwa zikipigana miaka miwili tu kabla, walikutana humo kusoma pamoja. Tunadhani mwenye nyumba angefurahi.

Ndugu zetu, sisi tunaona mambo mawili. La kwanza ni kwa wazee. Kumbi za Reinhardt zilichukuliwa kwa siku chache, lakini alichokuwa nacho kichwani hakuna askari wa mpakani aliyeweza kukipekua. Kijana anayejifunza hapa kupanga watu hamsini wasimame, wanyamaze na waseme kwa zamu, amejifunza kitu atakachorudi nacho nyumbani. La pili ni kwa mashirika yanayotusaidia. Kikundi chetu cha maigizo huitwa pale panapokuwa na ujumbe wa kipindupindu au wa usafi wa vyoo, na kazi hiyo tunaifanya kwa moyo. Lakini watu waliopoteza mengi wanahitaji pia jioni moja ya kucheka, na jioni moja ya kulia pamoja kwa sababu zao wenyewe. Turubai kuukuu na taa mbili zinatosha kuanzia.

Reinhardt alianza na Sauti na Moshi. Moshi tunao, wa kuni zenye unyevu. Sauti tunazo. Tunawatakia kumbukumbu njema.

Kamati ya Jamii ya Kambi