Henry Seekamp, mwenye gazeti aliyefungwa kwa ajili ya wachimbaji zahabu

Ndugu zetu wa Mongbwalu, Kamituga na Shabunda wanajua namna karata ya mchimbaji inaweza kuwa muzigo. Habari ya leo inatoka mbali, kule Australia, lakini wao wataielewa mara moja.

Henry Seekamp alizaliwa karibu mwaka 1829. Zahabu ilipoonekana katika koloni la Waingereza la Victoria, mwaka 1851, watu walikimbilia kule kutoka pande zote, naye akafika. Mwezi wa 3 mwaka 1854, alianzisha gazeti Ballarat Times katikati ya machimbo ya Ballarat.

Wakati ule mchimbaji alilipia lisansi hata kama hajapata zahabu. Kwa mwaka muzima ilifika pauni 8. Polisi walikuwa wanazunguka kwenye mashimo, asiyekuwa nayo anakamatwa. Tena wachimbaji wengi hawakuwa na haki ya kupiga kura. Seekamp aliandika malalamiko yao bila kuogopa serikali, na mashine yake ilichapa matangazo ya mikutano yao.

Tarehe 3 mwezi wa 12, mwaka 1854, siku ya Mungu alfajiri, askari walivamia boma ambalo wachimbaji walijenga mahali panaitwa Eureka. Watu zaidi ya 20 walikufa. Kesho yake Seekamp akakamatwa.

Wachimbaji 13 walipelekwa tribinali kwa kosa la kuasi serikali, ambalo azabu yake ni kifo. Hakuna hata mumoja aliyehukumiwa. Lakini Seekamp, ambaye silaha yake ilikuwa kalamu, alipewa miezi 6 kwa kuchochea watu. Alikaa buloko karibu miezi 3, kisha wakamuachilia.

Gazeti halikufa. Bibi yake, Clara, ndiye aliliongoza wakati bwana yuko ndani. Anahesabiwa kati ya wanawake wa kwanza kuongoza gazeti katika Australia.

Mwaka 1855 lisansi ilifutwa. Wachimbaji wakapewa karata ingine, pauni 1 kwa mwaka muzima, na mwenye kuwa nayo aliweza kupiga kura.

Seekamp alikufa mwaka 1864 kwenye machimbo ya Queensland, hajafikisha hata miaka 40. Aliacha wachimbaji wakilipa pauni 1 pahali pa 8, na sehemu ya deni hiyo yeye aliilipa gerezani.