Al-Biruni na Punje za Sataranji
Mji wa Eldoret ulianza juu ya shamba nambari 64, na wenyeji wakauita Sisibo kwa nambari hiyo. Nami nisikiapo 64 hukumbuka bao la sataranji na nyumba zake, na marehemu Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973.

Yapata mwaka 1000 alihesabu punje za bao hilo: nyumba ya kwanza moja, kila ifuatayo maradufu. Alizidisha mbili kwa mbili, kisha kila jibu kwa lenyewe, jumla mara sita, akaondoa moja. Akapata 18,446,744,073,709,551,615. Haigawiki kwa 2, bali hugawika kwa 3, 5 na 17.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka Khwarazm, akamchukua Ghazna, alikofia. Ufalme ule umekwisha zamani. Hesabu haijapungua punje. Mola amrehemu.