C.T. Studd: Alitoa Vyote, na Nyumbani Pia Walilipa

Somo: Luka 14:28-33, 1 Wakorintho 7:32-35, 1 Timotheo 5:8



Kanisa letu lina vijana wengi vyuoni. Wengine wako hapo Kabianga, wengine Maseno, Moi na Egerton. Karibu wote wanatumika katika CU: huyu ni kiongozi wa maombi, yule anaongoza sifa, mwingine anapanga misheni za likizo. Na karibu wote wanaulizwa maswali yaleyale wakirudi nyumbani. Utamaliza lini? Utaandikwa kazi lini? Koito itafanyika lini? Mzazi aliyelipa karo kwa bonasi ya majani chai ana haki ya kuuliza. Kijana aliyeitwa na Mungu naye ana haki ya kuogopa kwamba akijibu hayo maswali yote kwanza, moto utakuwa umezimika.

Juma hili tumwangalie mtu mmoja aliyeishi katikati ya maswali hayo mpaka kaburini. Jina lake ni Charles Thomas Studd, na wengi humwita C.T. Studd. Wahubiri humtaja sana kama mfano wa kutoa vyote. Ni kweli alitoa vyote, lakini habari yake ina kurasa mbili, na sisi mara nyingi tunasoma ukurasa mmoja tu.

Alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake, Edward Studd, alipata utajiri wake India kwa kilimo cha mimea ya rangi ya nili. Alikuwa mtu wa farasi wa mashindano na starehe, mpaka alipookoka katika mikutano ya mhubiri Mmarekani Dwight L. Moody. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo, lakini alifanya bidii watoto wake wamjue Yesu. Charles na ndugu zake wawili wakaokoka wakiwa bado wanafunzi wa sekondari.

Kisha wakaingia chuo kikuu cha Cambridge, na hapo jina la Charles likapanda. Alikuwa mchezaji wa kriketi wa hali ya juu. Mwaka 1882 aliichezea Uingereza dhidi ya Australia, na mwaka 1883 alikuwa nahodha wa timu ya Cambridge. Kwa watu wa kwetu, mfikirie kijana wa Kericho aliyerudi na medali ya mbio, picha yake iko kila gazeti. Lakini moyoni alikuwa amepoa. Kwa karibu miaka sita alikuwa ameokoka bila kumwambia mtu, na michezo ilikuwa imechukua kiti. Ndugu yake George alipougua karibu kufa, Charles akaona kwamba sifa zote zile hazina la kumwambia mtu aliye kitandani akingoja mauti. Akarudi kwa Bwana.

Mwaka 1884 aliamua kwenda China kama mmisionari, pamoja na vijana wengine sita. Wote waliitwa Saba wa Cambridge. Kabla ya kusafiri walizunguka vyuoni wakishuhudia. Wanafunzi wa Edinburgh walijaa kumsikiliza mchezaji huyu aliyekuwa anaacha kriketi. Februari 1885 wakaondoka.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ndugu yake mwingine, Kynaston, hakwenda China. Alialikwa Marekani kuzunguka vyuoni akieleza habari ya wale saba. Alipofika Chuo Kikuu cha Cornell mwanzoni mwa 1886, kijana mmoja aitwaye John Mott alimsikia, akayatoa maisha yake kwa Bwana. Huyo Mott akaja kuwa kiongozi wa wanafunzi Wakristo wa dunia nzima. Kynaston alirudi Uingereza, akakaa na familia yake, akafanya kazi ya elimu ya vijana jijini London kwa miaka mingi, na baadaye akawa Meya wa London. Ni ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja akaenda na mmoja akabaki. Tusiseme kwamba aliyebaki hakuitwa.

Turudi kwa Charles. Alipotimiza miaka 25, urithi wa baba yake ukawa wake. Ulikuwa kama pauni 29,000, na pesa hizo kwa wakati ule zilikuwa utajiri wa kuishi bila kazi mpaka uzeeni. Mwaka 1887 akaanza kuzigawa. Pauni 5,000 zilikwenda kwa Moody na zikasaidia kuanzisha chuo cha Biblia kule Chicago. Pauni 5,000 zilikwenda kwa George Müller, aliyelea mayatima Bristol. Nyingine zilikwenda kwa maskini wa London na kwa Jeshi la Wokovu huko India. Akabaki na pauni kama 3,400.

Mwaka 1888 alifunga ndoa huko China na Priscilla Stewart, dada kutoka Ireland aliyekuwa kazini huko. Charles akampa mkewe zile pesa zilizobaki. Priscilla akazikataa, akataka nazo zitolewe kwa Bwana, wakaanza maisha mikono mitupu. Ndugu zangu, uangalieni vizuri uamuzi huo. Mume alikuwa ametoa sehemu kubwa peke yake kabla ya ndoa, na alikuwa na haki, kwa sababu ilikuwa mali yake na hakuwa na mtu wa kumtegemea. Lakini sehemu ya mwisho ilitolewa na wawili. Aliuliza, na mke akajibu. Hiyo ndiyo imani ya nyumba nzima.

Walikaa ndani kabisa ya China kwa miaka. Walifungua nyumba ya kusaidia watu waliofungwa na kasumba. Wakazaliwa mabinti wanne: Grace, Dorothy, Edith na Pauline. Daktari hakuwepo karibu, na kujifungua kwa Priscilla kulimpeleka karibu na kifo. Mwaka 1894 walirudi Uingereza wakiwa wamechoka kwa magonjwa. Charles alikwenda Marekani kuhubiri vyuoni mwaka 1896 na 1897, kisha wakahamia India kuchunga kanisa kule Ootacamund kuanzia mwaka 1900 hadi 1906. Miaka ile ya India familia ilikuwa pamoja.

Kisha ikaja Afrika. Mwaka 1908, akiwa Liverpool, Charles alisikia kwamba katikati ya Afrika kuna makabila ambayo hakuna mtu amewapelekea Injili. Alikuwa na miaka karibu hamsini, ana pumu, na mwili umevunjika kwa magonjwa ya China na India. Madaktari walimkataza. Wafanyabiashara waliokuwa wameahidi kumsaidia wakajiondoa. Priscilla mwenyewe mwanzoni hakuridhika. Charles akaenda hata hivyo. Desemba 1910 akapanda meli kwenda Sudan kuangalia, na mwaka 1913 akaelekea Kongo kupitia Kenya na Uganda, pamoja na Alfred Buxton, kijana aliyeacha masomo ya udaktari Cambridge ili aende naye. Siku hizo njia ya kutoka pwani kwenda Uganda ilikuwa reli hii inayopita hapa kwetu Fort Ternan na kuteremka Kisumu, kisha meli ya ziwani.

Wakavuka Ziwa Albert, wakaingia kaskazini mashariki ya Kongo, wakaanza kazi Niangara. Matunda yalionekana mapema, watu wakabatizwa. Lakini kule nyumbani Priscilla alishikwa na ugonjwa wa moyo, akaambiwa alale na asijishughulishe. Charles alirudi kwa muda, kisha Julai 1916 akaondoka tena. Hakurudi Uingereza tena. Mke aliyemwacha mgonjwa aliinuka kitandani, akaanza kuendesha ofisi ya misheni: kuandika barua, kutafuta watenda kazi na pesa, kusafiri nchi mbalimbali akihubiri habari za Kongo. Tukiuliza kazi ile iliendeleaje, jibu nusu liko kwa mama huyu.

Mwaka 1928 Priscilla alifika Kongo mara moja. Walikuwa wametengana miaka 12. Alikaa wiki mbili hivi, akaondoka kwa sababu joto lilikuwa linakuja na kazi ya nyumbani ilimngoja. Wote wawili walijua hawataonana tena duniani. Januari 1929 Priscilla akafariki akiwa Hispania. Charles alikuwa Ibambi, msituni.

Wakongo walimwita Bwana Mukubwa. Aliishi katika nyumba ya miti na nyasi, akilala kidogo na kufanya kazi saa nyingi, na akatafsiri Agano Jipya katika Kingwana, Kiswahili cha Kongo. Lakini alivyojidai mwenyewe ndivyo alivyodai wenzake. Mtu aliyetaka kupumzika, aliyewaza familia, aliyetaka nyumba nzuri kidogo, aliona amepungukiwa. Wamisionari kadhaa waliondoka au waliondolewa. Miongoni mwa walioondolewa katika miaka ya 1920 alikuwa Alfred Buxton mwenyewe, yule kijana wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa amemwoa binti yake Edith. Baba mkwe alimtoa mkwe kazini. Miaka yake ya mwisho ilijaa mvutano na kamati ya Uingereza pia. Alifariki Ibambi tarehe 16 Julai 1931, akiwa na miaka 70.

Misheni haikufa. Mkwe mwingine, Norman Grubb, aliiongoza baada yake, nayo ikaenea nchi nyingi kwa jina la WEC. Kanisa lililozaliwa Ibambi lingali hai Kongo hadi leo. Na huyu Grubb ndiye, akiwa mwanafunzi Cambridge mwaka 1919, aliyesukuma CU za vyuo mbalimbali vya Uingereza zikutane pamoja, kisha akamwoa Pauline Studd na kwenda Kongo bila kungoja digrii. Kutoka kwenye mkutano ule ulikua ushirika wa CU ambao baadaye ulifika nchi nyingi. Hapa Kenya tunao FOCUS, ulioanza mwaka 1973. Kijana wetu anayeongoza maombi asubuhi kule Kabianga amekalia tawi la mti huo.

Sasa tunajifunza nini? Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na darasani tulifundishwa kwamba gharama haipotei kwa sababu hukuiandika. Usipoiandika kwenye hesabu yako, itaonekana kwenye hesabu ya mtu mwingine. Studd hakuandika gharama ya nyumba yake, kwa hiyo mkewe na binti zake waliibeba. Katika Luka 14 Bwana Yesu anatuagiza tuketi kwanza tuhesabu. Wengi tunadhani kuhesabu ni kukosa imani, na kumbe ni amri.

Kijana ambaye hujaoa au kuolewa, huu ndio wakati wako wa uhuru. Paulo anasema wazi katika 1 Wakorintho 7 kwamba asiyeoa ana nafasi ya kumtumikia Bwana bila kugawanyika. Studd alitoa sehemu kubwa ya mali yake akiwa na miaka 26, na hakumwonea mtu. Basi toa jioni zako, toa likizo zako. Lakini digrii ambayo mama yako anaipalilia shambani si yako peke yako. Ukitaka kuiacha au kuichelewesha kwa ajili ya huduma, usimpelekee mzazi habari ikiwa imekwisha. Kaa naye, omba naye, na umpe nafasi ya kutoa, kama Priscilla alivyopewa nafasi mwaka 1888.

Wachumba, maswali haya yaulizwe kabla ya koito: tutaishi wapi, tutakula nini, nani atakaa na watoto wakati wa misheni? Kama mmoja ameitwa kwenda na mwingine hajasikia, ngojeni. Mungu aliyemwita mmoja anaweza kumwita na wa pili, na kungoja mwaka mmoja hakutaizuia Kongo.

Wazazi, nanyi msizime. Familia ya Studd ilikuwa na aliyekwenda na aliyebaki, na Mungu aliwatumia wote wawili. Mtoto wenu akisema anataka kufanya mwaka mmoja wa huduma ya vyuo kabla ya kutafuta kazi, msikimbilie kusema amerogwa na dini. Muulizeni mpango wake. Akiwa na mpango, mwombeeni na mmchangie.

Na sisi tulio kwenye madhabahu, tusihubiri ukurasa mmoja wa Studd. Tukimsifu kwa kutoa vyote, tuseme pia kwamba 1 Timotheo 5:8 ilikuwa kwenye Biblia yake. Yule anayeacha kuwatunza walio wake, Maandiko yanamhukumu kwa maneno mazito kuliko tunavyopenda. Mungu alimtumia Studd kwa nguvu, na neema ikafunika mengi. Neema kufunika kosa hakulifanyi kosa kuwa mfano wa kufuatwa.

Kwa maombi ya juma hili: tuwataje kwa majina vijana wetu wote wa vyuo, kila nyumba na wake. Tuombee wachumba wanaongoja. Tuombee wake na waume wa watumishi, hasa wale wanaobeba mzigo bila kuonekana. Na familia ambayo imekosana na kijana wake kwa sababu ya huduma, wazee wa kanisa wako tayari kuketi nanyi baada ya ibada ya Jumapili. Bwana awabariki.