Dkt. Krapf: Mtu wa Maombi Hadi Mwisho

Katika jubilei hii tumkumbuke Dkt. Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina, na mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Julai homa iliwaangusha wote wawili. Rosina alifariki siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Hata hivyo hakuacha maombi wala Neno. Alipopata nafuu alirudi kwenye tafsiri yake, akaendelea hadi Agano Jipya. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha misheni Rabai. Krapf alifariki Ujerumani mwaka 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Sisi wa Industrial Area tunayajua majaribu: kiwanda kinapunguza watu, kodi ya nyumba inadaiwa, ugonjwa unabisha hodi. Maombi ya Krapf hayakuzuia msiba, bali yalimpa nguvu ya kushika kalamu tena. Basi mwanakwaya, ukijaribiwa, usiifunge Biblia yako wala usijitenge na wenzako. Njoo mazoezini hata na machozi yako. Tutaomba pamoja, kisha tutaimba.

Mungu awabariki.

Katibu wa Kwaya