Karen Blixen na Wasimulizi Wasioaminika

Wanafunzi wa fasihi wanapokabidhiwa hadithi iliyosimuliwa kwa nafsi ya kwanza, aghalabu hujikwaa mahali pamoja. Wakiliona neno "mimi", hudhani wamekutana na shahidi. Huandika katika karatasi ya mtihani kwamba jambo fulani lilitokea kwa kuwa msimulizi kasema lilitokea, na mwalimu, ambaye naye alifundishwa hivyo hivyo, huwapa alama. Kwa sababu hiyo nimeona heri leo niyapitie maisha ya mwandishi aliyeishi nchini mwetu miaka kumi na saba, akarudi kwao, kisha akawa stadi wa kubuni wasimulizi ambao msomaji makini hathubutu kuwaamini. Vijana wengi wa Likoni na Changamwe hulijua jina lake la kwanza kama mtaa wa matajiri kule Nairobi, basi.

Karen Christentze Dinesen alizaliwa tarehe 17 Aprili, 1885, katika nyumba ya Rungstedlund iliyo kando ya bahari, kaskazini ya Copenhagen, nchini Denmaki. Babake, Wilhelm, alikuwa mwanajeshi na mwandishi. Mwaka 1895 mzee huyo alijinyonga, na binti yake hakuwa bado ametimiza miaka kumi. Katika ujana wake Karen alichapisha hadithi chache kwa jina la Osceola, na desturi hiyo ya kujisitiri nyuma ya jina la kubandika hakuiacha tena. Dunia ilikuja kumsoma kwa jina la Isak Dinesen, jina la mwanamume, na katika vita vikuu vya pili alitoa riwaya nyingine akijiita Pierre Andrézel.

Tarehe 14 Januari, 1914, aliteremka Mombasa. Siku hiyo hiyo akafungishwa ndoa mjini humo na Bror Blixen, Mswidi mwenye cheo cha baroni, na miongoni mwa mashahidi alikuwamo Wilhelm, mwana wa mfalme wa Uswidi. Kisha maarusi wakapanda garimoshi, wakavuka kutoka kisiwani na kupitia Changamwe, wakaelekea bara. Shamba lao lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, ekari 6,000 kwa hesabu yake mwenyewe, mahali palipo juu kupita kiasi kwa zao la kahawa. Kahawa haikumpa faida. Mume alimwambukiza kaswende katika mwaka wa kwanza wa ndoa, na mwaka 1925 wakaachana. Mpenzi wake, Mwingereza Denys Finch Hatton, alikufa mwezi wa Mei 1931 ndege yake ilipoanguka Voi. Mwaka huo huo shamba likauzwa, naye akarudi kwa mamake akiwa na umri wa miaka 46, hana mali, hana mume, wala hana kitabu hata kimoja alichokwisha kutoa kwa Kiingereza.

Kitabu kilikuja mwaka 1934 huko New York, nacho kiliitwa Seven Gothic Tales, yaani hadithi saba za Kigothi. Kwa wasioufahamu utanzu huu: ni hadithi za makasri makuukuu, mizuka, siri za ukoo na akili zilizotetereka. Mmarekani Edgar Allan Poe, aliyefariki mwaka 1849, ndiye aliyeupa sura tunayoijua zaidi, ya muuaji anayetuapia kwamba yu mzima wa akili huku akitueleza kwa utaratibu jinsi alivyoua. Blixen hakumwiga Poe. Kwake yeye wazimu si wa kupiga kelele. Ni wazimu wenye adabu, unaoketi barazani na kuzungumza kwa ufasaha.

Tuchukue hadithi ya gharika ya Norderney, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini. Mwaka ni 1835. Watu wanne wamekwama katika dari ya ghala la nyasi, maji yanapanda, nao wanaupitisha usiku kwa kusimuliana maisha yao. Mmoja ni bibi kizee aliyeishi bila doa maisha yake yote, lakini akili ilipomruka akaanza kujiona kuwa ndiye mwanamke mwenye dhambi kubwa kuliko wote wa zama zake. Mwingine ni kadinali ambaye wote wanamstahi, na ambaye ndiye aliyewatia moyo wa kuwaachia wengine nafasi katika mashua. Alfajiri inapokaribia, anafungua vitambaa alivyojifunga kichwani. Kumbe si kadinali. Ni mtumishi wake, mwigizaji wa zamani, aliyemuua bwana wake na kuvaa joho lake. Swali linalobaki ni hili: je, yote mema aliyoyasema usiku kucha yamekuwa uongo? Blixen hajibu, na hapo ndipo penye ustadi wake.

Hadithi nyingine ya mkusanyo huo, The Dreamers, inapita karibu na milango yetu. Usiku wa mbalamwezi wa mwaka 1863, jahazi linasafiri kutoka Lamu kwenda Unguja, maili moja hivi kutoka pwani, kwa hiyo aliyesimama Kisauni au Likoni usiku huo angeliona tanga lake. Ndani yake yumo Mira Jama, msimulizi mashuhuri aliyekatwa pua na masikio, na Mwingereza anayesimulia habari za mwimbaji aliyepoteza sauti akaamua kuishi kwa majina mengi. Yumo pia mpwa wa Tippu Tip, naye mjomba anatajwa kama mtu mkubwa, ilhali katika mwaka huo Tippu Tip mwenyewe alikuwa angali kijana anayeanza kujijengea jina. Simlaumu mwandishi kwa hilo. Aliyepanda jahazi la hadithi ameshaambiwa kwamba yumo katika hadithi.

Hapa wazee wetu hawahitaji kufundishwa na mtu. Anayesema Paukwa na anayeitikia Pakawa wamekwisha kufunga mkataba. Hata katika mazungumzo ya kawaida Kiswahili kina kijineno "eti", ambacho mnenaji hukitumia kujitenga na habari anayoipokeza. Hadithi za Blixen zimejaa "eti" isiyoandikwa: msimulizi ndani ya msimulizi, kila mmoja akimnukuu mwenzake.

Mashaka yanaanza mwaka 1937, alipotoa Out of Africa. Humo "mimi" ni yeye mwenyewe, mahali ni Ngong, na watu wana majina yao ya kweli. Mkataba wa Paukwa haupo. Lakini mkono unaoandika ni ule ule. Mumewe hatajwi ila kwa kupitia, ugonjwa wake haumo kabisa, na Finch Hatton ni rafiki tu anayekuja na kuondoka. Barua zake za kutoka Kenya zilipochapishwa kwa Kidenmaki mwaka 1978, ndipo wasomaji walipoweza kulinganisha.

Kuna kisa kidogo ndani ya kitabu hicho ambacho mwanaisimu hawezi kukipita. Kijana mmoja wa Kiswidi, mwenye haya, alikuwa akimfundisha kuhesabu kwa Kiswahili. Alipofika nane akasita, kwa kuwa neno tisa lina mlio wa aibu masikioni mwa Mswidi, akamwambia kwamba Kiswahili hakina tarakimu hiyo. Wala kumi na tisa, wala tisini. Blixen akaamini, tena akafurahi, akaanza kuwatungia Waafrika falsafa nzima juu ya pengo hilo. Baadaye alisahihishwa, na anakiri kuwa alisahihishwa, lakini anaongeza kwamba moyoni aliendelea kuhisi upo mfumo wa namna hiyo mahali fulani. Kisa kinachekesha. Lakini Kiswahili kina tisa mbili, si moja: tisa ya Kiarabu na kenda ya Kibantu, ambayo washairi hawajaiacha. Kenda hiyo ndiyo iliyomo katika jina Mijikenda, lililoenea katika miaka ya 1940, la watu wa bara hii yetu kuanzia Wadigo wa Likoni hadi Waduruma walio nyuma ya Changamwe. Garimoshi lake lilipita katikati yao.

Kisa cha pili hakichekeshi. Mwaka 1923, huko Molo, kijana aitwaye Kitosch alitumwa na tajiri wake Mzungu kumrudisha farasi, akaambiwa amwongoze kwa miguu, asimpande. Akampanda. Kwa kosa hilo alichapwa, akafungwa kamba katika ghala, na usiku huo akafa. Kesi iliamuliwa na jopo la Wazungu. Daktari wa serikali alisema majeraha ndiyo yaliyomuua. Madaktari wengine wakasema alikufa kwa kuwa alitaka kufa, maana kuna waliomsikia akisema hivyo. Tajiri hakuhukumiwa kwa mauaji, bali kwa kuumiza vibaya, akapewa miaka miwili.

Blixen anayapanga haya yote kwa utulivu wa karani, na kwa kweli alifanya jambo ambalo masetla wenzake hawakulifanya, kwa maana kesi hiyo haikusahauliwa. Mwishoni, hata hivyo, kalamu ya Kigothi inashika usukani. Anakichukua kile kisingizio cha madaktari, ya kwamba marehemu alitaka kufa, anakigeuza kuwa jambo la fahari: Kitosch anakuwa kama mnyama wa porini ambaye hakuna awezaye kumzuia anapoamua kwenda zake. Maneno ni mazuri mno. Ila mzigo wa mauti umeondolewa kwa mwenye kiboko na kutwikwa aliyechapwa. Katika hadithi ya Norderney mwandishi yule yule angalimweka mtu wa kukifungua kitambaa.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika insha aliyoijumuisha katika kitabu cha mwaka 1993, alimkosoa vikali kwa jinsi anavyowaweka watumishi wake bega kwa bega na wanyama. Nakubaliana naye katika hukumu hiyo. Sikubaliani na walimu ambao kwa sababu hiyo wangependa kitabu kifungiwe kabatini. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma hadithi za Kigothi za mama huyu ana zana zote za kuusoma utumwa wa Ngong, madhali aruhusiwe kuzitumia.

Mwaka 1959 Blixen alizuru Marekani, mwili umekonda kupindukia, akawasimulia watu hadithi zake kwa kichwa bila kushika karatasi. Mojawapo ilihusu barua ya mfalme wa Denmaki, ambayo aliiweka juu ya mfanyakazi aliyevunjwa mguu na mti, ikawa dawa inayoombwa na kila mgonjwa wa shambani. Hadithi hiyo imo katika kitabu chake cha mwaka 1960, na kichwa chake ni Barua a Soldani. Mswahili yeyote angemwambia kuwa ni barua ya sultani. Alifariki Rungstedlund tarehe 7 Septemba, 1962, na kichwa hicho kingali kinachapwa hivyo hivyo.