George Streisinger na samaki pundamilia wa maabara

Ukimtajia pundamilia mtu wa Tarime au Serengeti, atawaza mbugani. Kumbe kuna na samaki pundamilia, mdogo wa sentimita nne hivi, mwenye mistari, asili yake Asia Kusini. Ni wa ukoo mmoja na dagaa wa Ziwa Victoria. Leo maabara nyingi duniani zinamtumia kuchunguza ubongo, na aliyefungua njia ni George Streisinger.

Alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka 1927. Mwaka 1937 familia yake ya Kiyahudi ilikimbilia New York kwa kuwahofia Wanazi. Ukubwani alijipatia jina kwa kuchunguza virusi vinavyoshambulia bakteria. Lakini kirusi hakina ubongo, na yeye alitaka kujua vinasaba vinajengaje mfumo wa fahamu.

Jamaa alipenda kufuga samaki. Basi mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, akamchagua huyu. Mayai yake hukua nje ya mama, na kiinitete ni kama kioo: kwa darubini unaona ubongo ukijengeka saa kwa saa, bila kupasua chochote.

Kazi ilimla zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1981 alitangaza katika jarida la Nature kwamba amezalisha samaki wanaotokana na mama peke yake, wenye vinasaba vilevile. Samaki wa hivyo hana nakala ya pili tofauti ya kuificha kasoro, ikiwepo, inaonekana.

Agosti 1984 alifariki akizamia majini, ana miaka 56. Wenzake wa Oregon, akiwemo Charles Kimmel, waliendelea na samaki wake.